Gia liva ya bagi ya mchangani: kisa cha Maverick X3 Max iliyokwangua, ikagoma, ikateleza kwenye P

Bagi yenyewe, gari jepesi la kupanda mchanga, ni Can-Am Maverick X3 Max ya 2018, viti vinne, injini ya Rotax silinda 3, cc 900, yenye turbo. Kazi yake ni kubeba watalii kutoka kambini hadi vileleni mwa mchanga wa Ramlat al-Wahiba, upande wa Bidiya, Oman. Madereva ni wanne, wanapokezana. Malalamiko yao ni matatu tofauti, gia kukwangua, liva kuwa ngumu, na gari kuteleza kwenye P, lakini kwenye daftari la karakana yameandikwa kwa mstari mmoja: "gia ngumu, badilisha liva." Mwenye gari ameshachagua liva fupi ya alumini kwenye duka la mtandaoni, ile inayosifiwa kwamba mkono unasogea kidogo tu gia imeingia. Anachouliza sasa ni achukue nyekundu au nyeusi.

Tuseme mapema: kisa hiki kimeunganishwa kutokana na matatizo yanayojirudia kwenye bagi za aina hii, na vipimo vilivyomo ni vya mfano mmoja uliopangwa ili hesabu ionekane. Fundi atapima gari lililo mbele yake.

Mkono unaposogea, nini kinasogea?

Kwenye X3 gia ziko kwenye mstari mmoja: P (kuegesha) mbele kabisa, kisha R (kurudi nyuma), N (huru), H (mwendo wa kawaida), na L (mwendo mdogo wenye nguvu) nyuma kabisa. Liva haigusi giaboksi. Chini yake kuna mkono mfupi ulioshika waya mmoja wa kusukuma na kuvuta, waya unapita chini ya viti hadi nyuma, unashika mkono mwingine ulio juu ya giaboksi. Huo ndio unaozungusha selekta ndani, na selekta inasukuma pete zenye meno mapana zikashikane na gia. Pete hizo hazina singo, yaani kifaa cha kulinganisha mizunguko kabla meno hayajakutana, kama giaboksi ya gari la manual. Meno yakikutana yametulia, yanaingia. Yakikutana upande mmoja unazunguka, yanakwangua.

Kati ya injini na giaboksi kuna mkanda wa CVT, mfumo unaobadilisha mwendo wenyewe bila hatua za gia, na puli mbili. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, puli ya mbele inatakiwa iwe imeuachia mkanda, giaboksi isipokee mzunguko wowote. Shika hilo, kwa sababu nusu ya kisa hiki iko hapo.

Jambo la pili ni urefu. X3 ya viti viwili ina umbali wa inchi 102 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Max ina 135. Tofauti ni inchi 33, karibu sentimita 84, na waya wa gia lazima uzifuate. Liva inayouzwa pamoja na waya wake kwa ajili ya "X3" bila kutaja Max ni mtego wa kwanza. Waya wa viti viwili haufiki, na ukilazimishwa unakatiza njia, unajikunja pembe kali, na liva mpya inakuwa ngumu kuliko ile iliyotupwa.

Kabla ya liva, majaribio matatu

Jaribio la kwanza: injini imezimwa, gari liko kwenye uwanja tambarare, mguu kwenye breki, pitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi. Gia ikigoma, lisukume gari kidogo mbele na nyuma, maana meno yanaweza kuwa yamekutana kichwa kwa kichwa, na huo si ugonjwa. Bagi yetu ilipita zote bila kukwangua, ila kwa kutumia nguvu.

Jaribio la pili: injini imeshapata moto kwa dakika 20 za kazi, iko sailensa, N kwenda H, N kwenda R. Hapo ilikwangua mara nne kati ya tano. Ikiwa kwenye H, breki ikaachiwa, bagi ikaanza kutambaa yenyewe kwenye zege. Dalili hiyo ndiyo inayotenganisha mambo. Gari linalokwangua injini ikiwaka na lisilokwangua ikiwa imezimwa halina ugonjwa wa liva. Mkanda unaburuta giaboksi.

Sababu za kuburuta ni chache. Mkanda mpya, mgumu bado na mpana. Mkanda wa kampuni nyingine uliopishana kidogo na ule wa asili. Marekebisho ya puli ya nyuma yaliyoachwa yakibana mno. Vumbi la mkanda likichanganyika na mchanga laini na kuzuia puli ya mbele isirudi wazi. Au sailensa ya injini iliyo juu kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kwenye bagi yetu mkanda ulikuwa umebadilishwa wiki mbili nyuma na hakuna aliyegusa marekebisho ya puli. Mfuniko wa CVT ukafunguliwa, puli zote mbili zikapulizwa kwa hewa, nyuso zinazogusa mkanda zikasuguliwa kwa sponji ya kijani isiyo na mafuta, zikafutwa kwa spiriti, na mkanda ukarekebishwa kwa kipimo cha kitabu. Mfuniko ukarudishwa kabla injini haijawashwa. Mkanda ukikatika na mfuniko uko chini ya benchi, vipande vinaruka kwa kasi ya kujeruhi. Kukwangua kukaisha siku hiyo. Gharama ilikuwa saa mbili na kitambaa.

Lalamiko la kwanza, basi, limekwenda, na liva ya zamani haijaguswa.

Jaribio la tatu ndilo la ugumu, na hapa kifaa bora ni mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki sokoni. Funga kamba kwenye kirungu cha liva, nasa ndoano ya mizani, vuta polepole kufuata mwendo wa liva, soma uzito gia inapoachia. Injini imezimwa. Bagi yetu ilisoma kilo 9.

Kisha chomoa waya kwenye giaboksi. Nasa mizani kwenye mkono wa giaboksi, pale pale pini ya waya inapokaa, vuta: kilo 12, na kila kituo kinasikika "tak" safi. Giaboksi ni nzima. Mwisho chomoa waya upande wa liva, uvute liva peke yake: nusu kilo.

Sasa hesabu. Kutoka ekseli ya liva, yaani mhimili inapogeukia, hadi kirungu ni milimita 210. Kutoka ekseli hadi pini ya waya ni 60. Uwiano ni 3.5, yaani mkono ukivuta kilo 1, waya unavutwa kwa kilo 3.5. Kilo 9 mkononi ni kilo 31.5 kwenye waya. Toa kilo kama 2 zinazoliwa na liva yenyewe, zinabaki karibu 30. Giaboksi inahitaji 12. Kilo 18 zinazobaki zinaishia kwenye ganda la waya kwa msuguano, hazifiki popote.

Mabaharia wa jahazi wanalijua jambo hili kwa mikono: kamba ikizungushwa gogo mara moja, mtu mmoja anashikilia mzigo wa watu kadhaa. Waya ndani ya ganda lake ni kamba juu ya gogo. Kila kona inazidisha nguvu inayotakiwa, na kona zinazidishana, hazijumlishwi. Kwa ganda safi lenye msuguano wa 0.1, kona moja ya nyuzi 90 inataka nguvu ya ziada ya karibu asilimia 17, na duara zima la nyuzi 360 linakaribia kuifanya mara mbili. Mchanga ukiingia, msuguano ukafika 0.2, duara hilo hilo linataka mara tatu na nusu. Waya wetu ulikuwa na kona zinazofika nyuzi 260 kwa jumla, na ulipochunguzwa karibu na injini ganda lake la nje lilikuwa limelainika na kubonyea kwa joto. Mpira wa kuzuia vumbi kwenye ncha ulikuwa umepasuka, na pale ncha ya chuma inapoingia kwenye ganda palikuwa na uji mweusi wa grisi na mchanga. Mtu fulani, kwa nia njema, aliupaka grisi. Waya wenye ganda la ndani la teflon haupakwi grisi. Grisi inashika mchanga, mchanga unakuwa msasa.

Waya mpya wa Max ukawekwa, na njia yake ikabadilishwa ili kona moja iondoke. Umefungwa kwenye chasisi kwa vibanio vyenye mpira, umbali wa sentimita 10 au zaidi kutoka turbo na ekzosi, na pale pasipowezekana umevishwa soksi ya kuzuia joto. Teflon yenyewe inavumilia hadi nyuzi 260 za Selsiasi, ila plastiki ya nje inaharibika mapema zaidi, kwa hiyo usipime usalama wa waya kwa teflon. Mizani sasa inasoma kilo 5 kwenye kirungu.

Lalamiko la pili nalo limekwisha kwa kiasi kikubwa. Na hapa ndipo uamuzi wa liva unapoanza kuwa na maana, kwa sababu sasa unanunua kitu kwa sababu inayojulikana.

Kwa nini liva fupi ilikataliwa

Liva fupi iliyokuwa imechaguliwa ina uwiano wa 2.5. Faida yake ni ya kweli: kwenye bagi yetu pini ya waya inasogea milimita 13 kwa kila hatua ya gia, kwa hiyo kwa uwiano wa 3.5 kirungu kinasogea karibu milimita 45, na kwa 2.5 kingesogea karibu 32. Lakini nguvu haipungui bure. Waya mpya unataka karibu kilo 18 pamoja na msuguano wa liva. Gawa kwa 3.5 unapata 5. Gawa kwa 2.5 unapata zaidi ya 7. Kwenye waya wa zamani ingekuwa karibu kilo 12 na nusu, na dereva angeshika kirungu kwa mikono miwili.

Liva fupi ina mahali pake. Yamaha YXZ1000R ina giaboksi ya gia 5 za kupandisha na kushusha moja moja, yenye klachi ya mguu, na dereva anabadilisha gia mbio zikiendelea. Huko kufupisha mwendo wa mkono kuna thamani. X3 ina CVT. Gia inachaguliwa gari limesimama, basi. Hakuna anayewahi nusu sekunde. Na kuna bagi ambazo swali hili haliwahusu hata kidogo: Honda Talon 1000 ya X na R yenye giaboksi ya klachi mbili ya gia 6, na Maverick R ya 2024 yenye ya gia 7. Muuzaji anayekuambia liva yake "inaingia bagi zote" hajui anauza nini.

Upande wa pili, liva ndefu ya uwiano wa 4.5 ingeshusha nguvu hadi kilo 4, lakini kirungu kingetembea sentimita 23 na nusu kutoka P hadi L. Kwenye L kinagusa paja la dereva mnene, kwenye P kinagonga kishikio cha abiria. Kwa bagi hii uwiano wa 4 ndio uliochaguliwa: kilo 4 na nusu, hatua ya milimita 52, jumla sentimita 21 hivi. Si namba takatifu. Ni ile inayotosha ndani ya nafasi iliyopo.

Lalamiko la tatu ndilo lililolipia liva

Madereva wawili walisema gari "linateleza kwenye P." Mmoja alisema pia kwamba akitoa gari lililokwama mchangani, akiwa anabembea kati ya H na R, mara husikia mlio wa "trrrr" nyuma.

Mlio huo ni kidole cha P, kipande cha chuma ndani ya giaboksi kinachofunga gia ili gari lisitembee. Kwenye mstari ulionyooka, R na P ni majirani, hakuna kizuizi kati yao isipokuwa kituo cha giaboksi. Dereva mwenye haraka anasukuma kutoka N kutafuta R, mkono unapitiliza, kidole cha P kinaangukia gia inayozunguka na kurukaruka juu ya meno yake. Ukirudia mara nyingi, ncha ya kidole inakuwa ya mviringo, na siku moja gari lililoachwa kwenye mteremko linaondoka lenyewe. Upande wa nyuma kosa ni la gharama ndogo: mkono unapitiliza H, gari linatembea kwenye L, injini inalia juu na dereva anadhani turbo imeharibika.

Kuteleza kwenyewe kulikuwa na chanzo kingine cha karibu zaidi. Bushi za plastiki za liva ya zamani zilikuwa zimelika. Kirungu kilicheza milimita 14 kabla waya haujasogea, sawa na milimita 4 kwenye pini. Hatua nzima ni 13. Dereva anaisukuma liva hadi mwisho wa nafasi yake, anaona imefika P, herufi P inawaka kwenye dashibodi, lakini mkono wa giaboksi haujamaliza safari na kidole kimeshika jino kwa ncha tu.

Kwa hiyo sababu ya kununua liva ni mbili: kuondoa mchezo, yaani kule kulegea kwa kirungu, na kuweka kizuizi kati ya R na P. Liva ya mstari ulionyooka yenye beringi nzuri ingetibu la kwanza na kuacha la pili. Kwa mtu anayeendesha bagi yake peke yake na mkono wake umezoea, hiyo inatosha, tena ina vitu vichache vya kuharibika. Kwa gari la madereva wanne wanaolipwa kwa safari, geti ni lazima. Geti ni kibao cha chuma au alumini chenye njia iliyokatwa kwa kona: kutoka N kwenda R liva inapita moja kwa moja, lakini kutoka R kwenda P inabidi isukumwe pembeni kwanza. H na L nazo zimetenganishwa kwa kona ndogo. Aina nyingine inatumia kitufe au kichocheo cha kidole chini ya kirungu badala ya kona. Inafanya kazi, ila ina springi ndogo na pini ndogo ndani ya bomba la liva, na mchanga wa Wahiba ni laini kama unga. Kona haina cha kukwama.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

La kwanza na kubwa: nani anasimamisha gia? Geti zuri lina nafasi ya milimita 1 au 2 kila mwisho wa njia, ili "tak" itoke kwenye giaboksi na geti liwe linaongoza tu. Geti baya linakatwa kwa kipimo cha mtu aliyepima gari moja jipya. Liva inagonga ukuta wa geti kabla giaboksi haijafika mwisho wa P, na umenunua kwa mamia ya dola ugonjwa ule ule uliokuwa nao bure. Hesabu yake ni rahisi. Kibao cha geti kikiwa milimita 120 juu ya ekseli na pini ya waya ikiwa 60 chini yake, kila milimita 13 ya waya ni 26 kwenye geti. Hatua nne ni 104. Njia iliyokatwa inatakiwa iruhusu liva isogee kutoka P hadi L milimita 104 na ziada ya 2 hadi 4. Mwombe muuzaji vipimo vitatu: ekseli hadi pini, ekseli hadi kibao, urefu wa njia. Asiyeweza kuvitoa, mwache.

La pili ni kiungo cha waya. Liva ya geti inayumba pembeni, na waya haupendi kuyumbishwa. Ncha lazima iwe na kichwa chenye mpira wa chuma unaozunguka. Jicho bapa lenye pini litapinda ncha ya waya ndani ya miezi michache.

La tatu ni uzi, na hapa ndipo mafundi wazoefu wanapoumia. Vifaa vingi vya ziada vya bagi vinatengenezwa Marekani na vinakuja na nyuzi za inchi, wakati bagi yenyewe ni ya milimita. Uzi wa 10-32 una kipenyo cha milimita 4.83 na hatua ya 0.79, M5 ina kipenyo cha 5 na hatua ya 0.8. Bolti ya 10-32 inaingia kwenye nati ya M5 kana kwamba ni yake, inazunguka laini kwa vidole, na inashika kwa ncha za uzi tu. Inakaa wiki mbili. Halafu inachomoka porini, gari liko kwenye R. Ukiona kichwa cha waya kinacheza kwenye uzi kabla hujakaza loki nati, simama, pima kwa geji ya uzi. Dalili ya M6 na robo inchi ni tofauti kidogo: bolti ya robo inchi haitaki kuingia kwenye M6, na anayeilazimisha anaharibu uzi. Huko angalau unasikia kosa.

Beringi ziwe za kufungwa kwa mpira pande zote mbili. Bushi za shaba zenye nipeli ya grisi zinafaa matope, si mchanga mkavu. Msingi wa liva ushikwe na chuma cha chasisi. Kit inayofungwa kwenye plastiki ya konsoli kwa nati za kupachika italegea, nati zitazunguka ndani ya plastiki, na mchezo uliouondoa utarudi kwa mlango wa nyuma.

Kirungu cha alumini tupu kinapendeza kwenye picha. Kiache juani saa sita mchana mwezi wa Juni kisha ukishike. Nailoni au plastiki ngumu ndiyo ya Ghuba. Na geti lisiachwe wazi: lazima liwe na kitambaa au mpira chini yake, la sivyo vumbi na joto la chini ya konsoli vinapanda moja kwa moja kwenye mkono wa dereva.

Rangi ilikuwa nyeusi, kwa kuwa nyekundu inapauka.

Kufunga na kurekebisha

Gari likae tambarare, matairi yamezuiwa mbele na nyuma kwa mawe au mbao, injini imezimwa, ufunguo mfukoni mwa fundi. Konsoli ifunguliwe, picha ipigwe ya waya wa zamani na vibanio vyake kabla ya chochote kuguswa. Liva ya zamani itoke. Msingi mpya ufungwe kwa mkono kwanza bolti zote, ndipo ukazwe kwa torki spana kwa kipimo cha mtengenezaji, na gundi ya nati ya bluu, si nyekundu. Nyekundu inahitaji moto kuitoa, na karibu kuna plastiki na petroli.

Marekebisho yanaanza N, daima N. Nenda kwenye giaboksi, usogeze mkono wake kwa vidole hadi N, hakikisha matairi ya nyuma yanazunguka huru ukiinua gari. Weka liva mpya katikati ya nafasi ya N kwenye geti na uishikilie hapo kwa zipu tai. Sasa zungusha kichwa cha waya hadi pini idondoke kwenye tundu lake bila kusukuma wala kuvuta. Ikibidi kuilazimisha hata kidogo, zungusha nusu raundi nyingine. Angalia uzi ulioingia ndani ya kichwa haupungui mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 7.5 kwa M5. Kaza loki nati ukishika kichwa kwa spana ya pili, vinginevyo waya unajisokota na utaachia kwa hasira baadaye.

Kisha nenda ncha mbili. Tia P, na ukiwa umeishikilia liva pale, mwenzako nyuma ajaribu kusukuma mkono wa giaboksi zaidi kuelekea P. Ukisogea hata milimita moja, waya unaukatisha. Fanya vivyo hivyo kwenye L. Ncha moja ikiwa fupi na nyingine ina ziada, N haikuwekwa katikati. Zote mbili zikiwa fupi, kasoro ni ya geti au ya uwiano, na hakuna kuzungusha kichwa cha waya kutakakosaidia. Hapo kit inarudi dukani, au njia ya geti inaongezwa kwa tupa, uamuzi wa mwenye mali.

Jaribio la P lifanyike kwenye mteremko mfupi, pua juu na kisha pua chini, na jiwe likiwa sentimita 20 nyuma ya tairi. Dashibodi isiwe shahidi. Inasoma kihisi, haisomi kidole kimeshika kwa kina gani.

Bado kuna kosa la madereva linaloua liva yoyote ile. Wanasimamisha bagi kwenye mteremko, wanatia P, wanaachia breki, na gari zima na watu wake linalalia kidole. Wakitaka kuondoka, P haitoki, wanaivuta kwa mabega, na liva inapinda au waya unanyooka. Utaratibu ni huu: kanyaga breki, tia N, mwenzako aweke jiwe au mbao upande wa chini wa tairi, achia breki polepole gari lilale kwenye jiwe, ndipo utie P. Kama P imeshakwama, usiivute. Kanyaga breki, mtu asukume gari kuelekea juu sentimita chache, uzito utoke kwenye kidole, P itatoka kwa vidole viwili.

Baada ya saa mbili za kazi ya kwanza bolti za msingi na loki nati zilikaguliwa. Moja ya msingi ilikuwa imelegea robo raundi, kitu cha kawaida alumini inapokaa juu ya rangi ya unga ya chasisi. Ilikazwa tena na kuwekewa mstari wa rangi nyeupe juu ya nati na msingi, ili dereva wa zamu yoyote akiinama asubuhi aone kwa macho kama mstari umeachana.

Mizani ya samaki imerudi kwenye droo: kilo 4 na nusu kutoka kila kituo, mchezo wa kirungu milimita 2. Mkanda utachunguzwa tena kila mwezi, kwa sababu siku bagi itakapoanza kukwangua tena, wa kwanza kulaumiwa atakuwa liva mpya.